Goti la Mama Yako Halikuanza na Utelezi

Ijuganyondo,
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Kemilembe,

Umetoka sasa hivi kwenda Kashozi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Hiyo inanipa saa tatu au nne za kukaa peke yangu na karatasi hizi. Kesho asubuhi ndege inakuchukua kwenda Mwanza, kisha Dar, kisha huko Uholanzi ambako nitakuwa nakuona kwenye kioo cha simu tu. Nimeanza kukukumbuka kabla hujaondoka. Umeacha kikombe chako cha chai mezani nami nimeshindwa kukiosha. Mtu mzima wa umri wangu kushindwa na kikombe ni aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Mambo ya koti, soksi na pasipoti sitayagusa. Shangazi yako ameyasema, ameyarudia, na kesho uwanjani atayasema tena mbele za watu. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelizunguka wiki tatu nzima. Kila nikitaka kuanza, naishia kukuuliza kama umekula. Nimesahihisha insha za watoto wa watu zaidi ya miaka thelathini, basi leo acha niandike ya kwangu, na ukikuta makosa usinionee haya.

Jambo lenyewe ni hili. Goti la mama yako halikuharibiwa na ule utelezi.

Unakumbuka ulipokuwa unaomba nafasi ya masomo, ulinitumia ile barua yako ya kujieleza niipitie. Uliandika kwamba ulianza kufuatilia habari za gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, kwa sababu mama yako aliteleza akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, kwenye kijia cha kutoka kwenye kibanja chetu cha migomba wakati wa mvua, goti likaumia, na tangu siku hiyo halikupona. Niliisoma mara mbili. Nilikurekebishia alama za mkato sehemu tano, nikakusifia ilivyopangika, nikakurudishia. Habari ya utelezi niliiacha kama ilivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyekupa. Niliwapa watu wote, mchungaji, majirani, shangazi yako, na nilivyoirudia mara nyingi hata mimi mwenyewe ilianza kunikaa vizuri. Siku ulipopata ile nafasi na kunipigia simu unalia kwa furaha, nilifurahi na wewe, halafu nikakata simu nikajisikia mwizi.

Kuanguka alianguka, hilo ni kweli. Lakini alianguka kwa sababu goti lilikuwa limekwisha kuchoka zamani. Alikuwa ameniambia. Si mara moja wala mara mbili. Aliniambia asubuhi akishuka kitandani, aliniambia akitoka kanisani, aliniambia akiwa ameketi chini jikoni anamenya ndizi na hawezi kuinuka mpaka ashike mguu wa meza. Nami nilikuwa na majibu yangu tayari. Nilimwambia ni baridi ya ziwa. Nilimwambia apunguze uzito. Siku moja nilimwambia uzee unamtania, naye alikuwa hajafika hata miaka arobaini na mitano.

Sasa nikupeleke Muleba, maana ndiko kwenye dhambi yenyewe.

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa baba yako mdogo. Wewe ulikuwa bweni, kidato cha pili. Nyumba ya bibi yako ilikuwa imetandazwa nyasi mpya sebule nzima, wageni wamekaa kwenye mabenchi kuzunguka ukuta, kahawa za kutafuna zinapitishwa. Unajua kwetu mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Anapiga magoti, anasalimia, anasubiri kuitikiwa mpaka mwisho, ndipo anainuka. Wewe sikukubana sana na mambo hayo, na watu walinisema kwamba namlea binti kama mtoto wa Kizungu. Lakini mke ni habari nyingine. Mke anapopiga magoti mbele ya mama mkwe, watu hawamtazami yeye peke yake, wanamtazama na mume.

Tulipofika karibu na ua, mama yako alinishika mkono wa shati. "Baba Kemi, leo goti halikubali kabisa. Nitamsalimia mama nimeinama tu. Tangulia umwambie."

Nikamjibu, "Tutaona."

Sikutangulia, na sikumwambia mtu. Niliingia, nikasalimiana na wazee, nikapewa nafasi nzuri kwenye benchi karibu na mwinjilisti, nikaanza kuzungumza habari za bei ya kahawa kama mtu muhimu. Mama yako akaingia nyuma yangu. Akaenda mpaka mbele ya bibi yako, akainama, akakutanisha mikono, akasalimia.

Bibi yako alimtazama mkwewe, kisha akanitazama mimi. Aliniangalia kwa muda, Kemi. Wifi zake mama yako wakaanza kugunaguna. Damu ikanipanda. Wahaya tunasemwa kwa kujivuna, watu wanatania na sisi wenyewe tunacheka, lakini siku ile haikuwa utani. Niliona jina langu linadondoka mbele ya ndugu zangu. Nikatoa ile sauti yangu ya darasani, ambayo wewe unaijua.

"Mama Kemi, piga magoti."

Akapiga. Alishuka kwa goti moja kwanza, akasita, kisha la pili. Akasalimia upya, bibi yako akaitikia upesi upesi kuliko kawaida yake. Kushuka aliweza. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Aliweka kiganja chini kwenye nyasi, akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka alipo. Ningenyoosha mkono tu angeushika. Badala yake nikasema kwa sauti ili watu wasikie, "Matoke ya mjini hayo, yamemnenepesha!" Watu wakacheka. Na mama yako, pale chini, akacheka nao. Kisha akatambaa kidogo mpaka kwenye mguu wa benchi, akajivuta, akasimama, akaenda jikoni kusaidia kupika.

Hiyo ndiyo habari ambayo sijamwambia mtu yeyote. Huenda unaniuliza mbona nakutwisha mzigo huu siku unayofunga begi. Nitafika huko.

Alianguka na ule mkungu miaka mitatu baadaye. Tulipompeleka hospitali mjini, daktari alipiga picha akaitundika kwenye mwanga. Alikuwa kijana, mpole, anaeleza kila kitu kwa kidole. Akasema mama, hapa palitakiwa pawe na nafasi, hapa pana gegedu linalotenganisha mifupa isisagane. Sasa mfupa unakaa juu ya mfupa. Akasema hii si kazi ya kuanguka siku moja, hii ni miaka. Akamuuliza limeanza kuuma lini. Mama yako akajibu, "Mwanangu alikuwa anaingia sekondari." Daktari akashangaa, akaacha kuandika. "Mama, miaka yote hiyo, mbona hukusema?"

Mama yako hakunitazama. Alikuwa anaangalia ile picha ya mifupa yake. Akasema, "Nilisema."

Basi. Daktari akadhani alisema zahanati, akaendelea na mambo yake ya dawa na mazoezi. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikajifanya natafuta risiti. Tangu siku hiyo neno hilo moja linanifuata. Naweza kuwa nafagia uwanja, au naangalia mpira kwa jirani, mara nalisikia. Nilisema.

Najua utakachoniambia, kwa sababu wewe ni mwanasayansi na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Utaniambia Taata, kupiga magoti kwenye nyasi siku moja hakuwezi kumaliza gegedu. Utaniambia ni mizigo ya kichwani, ni kurithi, ni umri, ni mambo mengi yanakutana. Nakubali. Sikusema nilimpa ugonjwa. Nasema alikuwa na maumivu na mimi niliyafanya kichekesho, kisha nikatafuta utelezi wa kuusingizia ili nisionekane.

Unakumbuka ile likizo yako ya mwaka wa pili wa chuo, ulipomweleza mama yako kuhusu seli shina? Tulikuwa nje ya jiko, yeye kwenye kile kigoda kirefu nilichomchongea, wewe umekaa chini unachambua maharage. Ulimwambia gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichubuka halina anayelipelekea msaada. Ulisema seli zilizomo ndani yake ni chache na zinakaa mbalimbali. Ukasema watafiti wanachukua seli shina kutoka kwenye uboho ulio ndani ya mifupa au kwenye mafuta ya mwili, seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na kwamba zinaamua kwa kupelekewa ujumbe. Molekuli za ishara, ndivyo ulivyoziita. Mama yako akaziita wajumbe, na mpaka chakula kilipoiva ninyi wawili mlikuwa mnazungumza habari za wajumbe kama mnazungumzia serikali ya mtaa.

"Sasa mjumbe akikosea?" aliuliza.

"Seli inakuwa kitu kingine, mama. Inaweza kuwa mfupa mahali pasipotakiwa mfupa. Au inatengeneza gegedu gumu, baya, lisilodumu. Na mjumbe akichelewa, au wakija wote kwa pamoja, vilevile haifai."

"Kwa hiyo seli zangu mimi hazikupelekewa habari?"

Ulicheka, ukamwambia zilipelekewa, ila goti lililovimba ndani lina kelele nyingi, na kelele hizo zinaziambia seli zibomoe badala ya kujenga. Ukaongeza kitu kilichonishangaza mpaka leo. Ulisema zamani walidhani seli shina zikichomwa kwenye goti zinageuka gegedu jipya, lakini sasa inaonekana nyingi hufa mapema, na faida yake kubwa pengine ni zile ishara zinazotoa kabla hazijafa, zinazowatuliza majirani na kuwaamsha wafanye kazi. Mama yako alikiweka chini kisu alichokuwa anamenyea ndizi. Kisha akasema, "Hata hivyo ni vizuri. Afadhali zimesema kitu."

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeegemea, nasikia. Sikuingia kwenye mazungumzo yale. Nilitamani sana na nikashindwa.

Nilichofanya badala yake unakijua, maana ulinigombeza kwa ajili yake. Nilinunua lile kopo la unga kwa yule mtu aliyekuwa anazunguka mjini na kipaza sauti, lililoandikwa seli shina kwa herufi za dhahabu. Mwalimu mzima! Mama yako alilikoroga kwenye uji wiki mbili bila kuuliza. Ulipofika ukasoma maandishi ukatoa macho. "Taata, seli ni kitu hai. Itaishije kwenye kopo juu ya kabati?" Nilikasirika, nikakuambia usinifundishe. Si wewe niliyekuwa nimekukasirikia. Nilitaka kuwe na kitu kimoja nitakachompa mama yako kirudishe nyuma siku ile ya Muleba, nisilazimike kufungua mdomo.

Na ndivyo nilivyoendelea. Nilimchongea kigoda. Nikaanza kumenya ndizi mwenyewe, wanaume wa hapa wakinipita wanakohoa makusudi. Mama yako alikuwa anaokota maganda yangu anayapima kwa vidole. "Unamenya kama unachonga mpini. Ndizi iko kwenye ganda hapa, sisi tule nini?" Kanisani mchungaji alipoanza kumletea sakramenti kwenye benchi, kwa sababu hakuweza tena kupiga magoti madhabahuni, nilikuwa namshika kiwiko. Nilifanya yote hayo, Kemi. Maneno mawili hayakutoka. Nilijiambia anajua. Nilijiambia tumezeeka pamoja, ya nini kuchimbua. Halafu kile kiharusi kikaja siku ya Jumatano asubuhi na kabla ya jioni hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nimekukumbuka, mke wangu. Nimeandika hivyo na sitafuta, ingawa barua ni yako. Nikiamka nasikiliza kama ameshuka kitandani, maana alikuwa akishuka anasema "ah" kidogo, na miaka mingi sauti ile ilinikera. Sasa ningetoa chochote niisikie.

Kwenye matanga, bibi yako alikaa kwenye nyasi siku zote nne, mzee vile, hakutaka kiti. Usiku wa mwisho wewe ulikuwa umelala kwa uchovu. Aliniita nikae karibu. Akaniambia kwa Kihaya, polepole, "Waitu, mwanangu, yule mke wako alikuwa anaumwa magoti. Mimi nilimwona siku ile ya kipaimara, tangu anaingia mlangoni."

Nikamuuliza, "Sasa mama, mbona ulinitazama vile?"

Akasema, "Nilikuwa nakusubiri useme. Mke ni wako. Ningesema mimi asipige magoti, wangesema mama mkwe amemdharau mke wa mwanawe, amemwona si mtu. Ungesema wewe, ingekwisha. Nikakutazama useme. Wewe ukasema lile ulilosema."

Miaka yote nilidhani nailinda heshima ya mama yangu, kumbe mama yangu hakuwa na haja nayo. Wanawake wawili walikuwa wananingoja mimi, neno moja tu, na mimi nilikuwa naangalia ndugu zangu kwenye mabenchi wananionaje. Ulipokwenda Muleba juzi kumuaga bibi yako, niliogopa atakwambia. Uliporudi unacheka na kikapu cha senene, nikajua hakusema. Ameniachia mimi.

Sasa kwa nini nakuambia. Siku ya maziko ulisimama pale kaburini ukasema mbele ya watu kwamba utarudi na dawa ya magoti ya mama. Watu walilia, nami nililia, lakini wao hawakujua ninachokililia. Mwanangu, mama yako hana magoti tena ya kutibiwa. Usiende huko kumtibu. Wewe mwenyewe umeniambia kazi hii ni ya polepole, kwamba hakuna aliyeweza bado kumrudishia mzee gegedu lake zima, kwamba unaweza kufanya miaka mitano ukajua tu ishara fulani haifai. Ukienda na deni la marehemu mgongoni, siku jaribio litakapokufa utaona umemwangusha. Hutakuwa umemwangusha. Aliyemwangusha ni mimi, na sikuhitaji maabara kufanya hivyo.

Nenda kwa sababu unaipenda kazi. Nilikuona usiku mmoja umekaa sebuleni na kompyuta yako unatazama picha ya seli zilizopakwa rangi, peke yako, unatabasamu. Hiyo inatosha kumpeleka mtu Ulaya. Na ukitaka kusimulia habari za mama yako kwa hao wenzako, simulia ya kweli. Waambie alikuwa mwanamke wa Kashozi aliyebeba mikungu, akacheka wengine walipomcheka, na aliyesema goti linauma miaka minne kabla mtu yeyote hajapiga picha.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya begi lako dogo, kati ya vitabu, uikute ukiwa umeshafika. Nimeikunja kabisa kwa mpango huo, kisha nikaikunjua niongeze haya. Nimegundua ni ujanja uleule. Ungeisoma huko kwenye baridi, ukakasirika peke yako, na mimi hapa ningeshika simu nikakuuliza kama umekula. Kwa hiyo utaipata leo, mkononi, ukiingia tu kutoka kwa shangazi yako. Soma chumbani kwako, chukua muda wote unaotaka.

Nitakuwa nje kwenye benchi. Ukimaliza njoo uniambie lolote ulilo nalo, hata liwe baya. Ukilia, lia mbele yangu. Ukitaka kupiga kelele, majirani wasikie, sijali. Sitakujibu, Kemi. Safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi,
Taata